Ubakaji kwenye njia ya kuni: tufanye kama tunavyofanya kwa kipindupindu

Kipindupindu kikiingia Goma, hakuna anayeuliza la kufanya. Mji huu ulijifunza kwa uchungu mwezi wa 7 mwaka 1994, wakati ugonjwa huo pamoja na kuhara damu vilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda katika majuma machache. Leo mbinu inajulikana. Wagonjwa wanahesabiwa kila juma, zoni ya afya inatafuta maji waliyokunywa, na kijana anasimama kando ya ziwa na bomba la sindano mkononi, anatia klori ndani ya kila bidoni. Tunawatibu wagonjwa, lakini hatuketi kuwangoja kitandani.

Swali langu ni hili: kwa nini ubakaji unaowapata mama zetu kwenye njia ya kuni hatuufanyii vivyo hivyo?

Si wazo geni. Tangu mwaka 1996, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba jeuri ni tatizo la afya ya umma. Maana yake, jeuri ihesabiwe, itafutiwe chanzo na kuzuiwa, kama ugonjwa. Hapa kwetu, kazi kubwa imebaki kwenye hatua ya mwisho, yaani kumpokea mama akiwa tayari ameumizwa.

Tukumbuke mwezi wa 4 mwaka 2023. Katika majuma mawili tu, Madaktari Wasio na Mipaka walipokea watu zaidi ya 670 waliobakwa, katika kambi za kando ya Goma kama Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na Rusayo. Ni karibu watu 50 kila siku. Wengi walieleza habari ileile: walishambuliwa na watu wenye silaha nje ya kambi, wakitafuta kuni au chakula. Jambo linalojirudia mahali pamoja, kwa watu wa aina moja, wakiwa katika kazi moja, lina chanzo kinachoweza kupunguzwa.

Tufuate chanzo hicho kuanzia chungu. Familia iliyokimbia inapewa mahindi na maharagi. Maharagi makavu yanataka saa mbili au tatu za moto, na huku kwetu juu, karibu mita 1,500, maji yanachemka bila kufikia moto wa kule mabondeni, kwa hiyo chungu kinakawia zaidi. Makala ni bei, na familia haina franga. Kinachobaki ni kuingia msituni upande wa Virunga. Baba akienda, anaogopa kuuawa au kukamatwa na kubebeshwa mizigo. Basi mama anaenda, au msichana wake. Katika nyumba nyingi jambo hilo linaamuliwa asubuhi kwa sauti ya chini, na kila mtu anajua kinachoweza kutokea.

Kwa hiyo anayegawa chakula bila kufikiria moto wa kukipikia anamtuma mama msituni, hata kama hakukusudia. Njia za kupunguza safari hizo zinajulikana. Unga unapikwa haraka kuliko mahindi ya punje. Maharagi yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva mapema. Jiko la udongo lililojengwa vizuri linakula kuni kidogo kuliko mafiga matatu, tena linapunguza hatari ya mtoto kuangukia moto na ya cheche kuruka kwenye bashi. Makala ya kubana, yanayotengenezwa kwa takataka za mbao na majani, yanaweza kugawiwa pamoja na chakula. Ikiwa familia inaenda msituni mara moja badala ya mara tatu kwa juma, hatari imepungua.

Najua wengine watakasirika. Watasema: “Kuni hazibaki mtu. Anayebaka ni mwanaume mwenye bunduki, wewe unatuletea habari za jiko!” Wana haki ya kukasirika. Mwenye kosa ni yule aliyebaka, na mkubwa wake anayenyamaza. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2006 inamwadhibu kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, na kila anayeshika njia hizo kwa silaha anapaswa kujibu kwa yanayotendeka pale. Lakini hukumu inakuja baada ya tendo, ikija. Wakati tunadai haki, chungu cha kesho asubuhi kinataka moto. Kumkinga mama hakumwondolei mbakaji kosa lake.

Wengine watasema kambi zile hazipo tena. Ni kweli, Bulengo na nyingine ziliondolewa mwezi wa 2 mwaka 2025. Wengi walirudi upande wa Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, wengine wanalala kwa jamaa au makanisani. Lakini waliorudi wamekuta nyumba zimebomolewa na mashamba yamekuwa pori, na bado wanatafuta kuni. Tofauti ni kwamba sasa wametawanyika, na kuwahesabu ni kugumu zaidi.

Basi tuanze na hesabu. Kituo cha afya kikimpokea mtu aliyebakwa, kiandike bila jina lake: alikuwa wapi, saa ngapi, akifanya kazi gani. Kila juma, zoni ya afya ikae na wahudumu wa jamii, wakubwa wa vijiji na wanaogawa chakula, waulize njia ipi imekuwa mbaya na nini kibadilike juma lijalo. Wenye kupanga misaada waweke moto ndani ya hesabu ya chakula. Nasi wanaume tukubali kwamba kuni si kazi ya mwanamke peke yake. Kwenda wengi pamoja kunasaidia, ijapokuwa hakutoshi, maana hata makundi yameshambuliwa.

Mpaka kinga hiyo ipatikane, matibabu yasilegee. Mwaka 2025, msaada wa Marekani ulipokatwa, dawa hizo zilianza kukosekana katika vituo vingine. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutotegemea dawa peke yake.

Kwako mama, dada, au kaka, kwa kuwa wanaume na wavulana pia wanabakwa: fika kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, ili upewe dawa za kukinga virusi vya ukimwi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia hadi siku 5, lakini mapema ni bora. Hata siku hizo zikipita, nenda, kwa sababu kuna matibabu ya vidonda na ya magonjwa ya zinaa, na kuna mtu wa kukusikiliza. Matibabu hayapaswi kungojea karatasi ya polisi.

Na kwako mume: mke wako alienda kutafuta moto wa kupikia watoto wako. Akirudi ameumizwa, mpeleke kwa muuguzi siku ileile. Usimfukuze.