Gari Lililoinuliwa na Pembe Isiyopimwa

Mwenye gari la kwenda porini akichoka kusikia tumbo la gari lake likikwaruza mawe, hununua springi ndefu zaidi na kuliinua kwa sentimita 10 hivi. Gari huvuka makorongo bila taabu. Lakini siku linaporudi kwenye lami na kufikia mwendo wa kilometa 70 kwa saa, sakafu huvuma na viti hutetema. Hapo ndipo gharama huanza: matairi husawazishwa, viungo vya shafti hubadilishwa, na shafti yenyewe hupelekwa kwenye mashine ya kusawazishia, mtetemo haukomi. Kilichobadilika siku gari lilipoinuliwa ni pembe, na dukani hakuna pembe inayouzwa.

Shafti inayozungumzwa ni ile ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye difu. Kila mwisho wake una kiungo chenye umbo la msalaba, ambacho Robert Hooke alikieleza katika maandishi yake ya mwaka 1676. Kiungo hiki huruhusu mizunguko ipite penye pembe, ila kina tabia moja isiyoonekana kwa macho. Upande mmoja ukizunguka kwa kasi isiyobadilika, upande wa pili huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kasi yake ya chini ni kasi ya upande wa kwanza ikizidishwa kwa kosaini ya pembe, na ya juu ni kasi hiyo ikigawanywa kwa kosaini hiyo hiyo. Kosaini ya nyuzi 15 ni 0.966. Hivyo giaboksi ikitoa mizunguko 1,920 kwa dakika, shafti iliyoinama kwa nyuzi 15 hupandapanda na kushuka kati ya 1,855 na 1,988. Kwa nyuzi 5 tofauti haifiki nusu ya asilimia moja kila upande.

Kiungo cha pili ndicho dawa ya kile cha kwanza. Pembe zake mbili zikiwa sawa, na nyuma za viungo kwenye shafti zikiwa zimeelekea upande mmoja, kile ambacho kiungo cha kwanza kimevuruga, cha pili hukinyoosha. Kuinua gari huharibu mapatano hayo. Shafti ya sentimita 115 iliyokuwa mlalo huinama karibu nyuzi 5 ekseli inaposhuka sentimita 10 chini ya bodi. Shafti ya sentimita 60 huinama zaidi ya nyuzi 9. Ekseli nayo ikijipinda kidogo juu ya springi mpya, pembe mbili zilizokuwa sawa haziwi sawa tena. Ndiyo sababu mashine ya kusawazishia haioni kosa lolote: humo shafti huzungushwa ikiwa imenyooka.

Uchunguzi ungepaswa kuanza kwa kuhesabu. Tuseme mzingo wa tairi ni meta 2.5, na difu hupunguza mizunguko minne ya shafti kuwa mmoja wa gurudumu. Kwa kilometa 72 kwa saa, yaani meta 20 kwa sekunde, gurudumu huzunguka mara 8 kwa sekunde na shafti mara 32. Tairi lenye kasoro litatikisa gari mara 8, shafti isiyo na uzani sawa mara 32, na viungo vyenye pembe mbaya mara 64. La kwanza ni mtikisiko wa kuhisiwa kitini. La mwisho ni mvumo wa kusikiwa kwa sikio. Jaribio lifanywe kwenye lami iliyonyooka, isiyo na magari mengine, kwani barabara ya changarawe yenye mawimbi huficha yote. Mtetemo ukiendelea gia ikiwa huru na gari likiserereka, injini haina hatia. Ukibadilika dereva anapokanyaga au kuachia mafuta, pembe ya difu yastahili kushukiwa kwanza, maana nguvu ya injini huinua au kushusha pua ya difu.

Kisha pembe zipimwe, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya sakafu sawa. Kipimapembe cha mwanafunzi, uzi na nati ya kuning'inia vyatosha kwa kuanzia. Shule ya sekondari inayofundisha kosaini kwa pembetatu za ubaoni pekee huku gari la shule likivuma nje ya dirisha inawanyima wanafunzi somo, nalo gereji linaloagiza vipuri kabla ya kupima linamnyima mteja fedha zake. Si jambo dogo: shafti ikikatika katika mwendo yaweza kupasua tangi la mafuta au mabomba ya breki.

Tiba hutegemea vipimo. Kabari ya chuma kati ya springi na ekseli ya nyuma yaweza kurudisha usawa wa pembe. Kwa ekseli ya mbele kabari hiyo hiyo ni hatari, kwani kuinua pua ya difu hubadilisha mlalo wa ekseli nzima, na usukani huanza kuyumba. Ikiwa pembe hazipatani bila kuharibu usukani, gari lishushwe, hata kama mwenyewe atanung'unika.

Anayefungua shafti aweke kwanza alama ya chaki pande zote mbili za sehemu inayoteleza. Ikirudishwa jino moja pembeni, mtetemo mpya huzaliwa, na yapo magari ambayo kiwandani nyuma hizo zilipishanishwa kwa makusudi. Magurudumu nayo yawekewe vizuizi: katika Land Rover za zamani breki ya mkono hushika shafti ya nyuma, si magurudumu, na shafti hiyo ikishatolewa gari laweza kuondoka lenyewe.