Tuyatafute Yaliyopo Kwanza

Wanachama wenzangu, msishangae nikiingiza kompyuta katika ukurasa huu. Ipo tabia inayonikera mno miongoni mwetu sisi tunaoandika programu kwa Python. Mtu akishaketi tu mbele ya mashine, huyo anaunda mazingira pepe mapya, ilhali ya kazi iyo hiyo yapo, yamelala. Si ndiko kuacha mbachao kwa msala upitao?

Kwa aliye mgeni wa mambo haya, mazingira pepe ni folda inayoitengea kazi moja Python yake na maktaba zake, zisije zikagombana na za kazi nyingine. Tangu Python 3.3 ya mwaka 2012, kifaa cha kuyaunda, venv, huja na Python yenyewe.

Ati yamepotea! Yamepotelea wapi? Mengi huitwa .venv, na kwenye Linux jina lenye nukta mbele hufichwa. Andika ls -a, utayaona. Kama umesahau folda yenyewe, kumbuka kwamba yaliyoundwa kwa venv yana faili iitwayo pyvenv.cfg. Amri find ~ -name pyvenv.cfg itakutajia yote yaliyo chini ya folda yako ya nyumbani. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike dir /s /b pyvenv.cfg.

Kuyaamsha nako si kazi. Kwenye Linux ni source .venv/bin/activate, na kwenye Windows ni .venv\Scripts\activate. Jina la folda litatokea mwanzoni mwa mstari. Wengine hudhani pana uchawi hapo. La hasha! Folda hiyo hutangulizwa tu mahali kompyuta inapotafutia programu. Ukimaliza, andika deactivate.

Wenzangu hunijibu kwamba kuunda mapya ni haraka. Naam, yakiwa matupu! Ziweke numpy na pandas uone megabaiti zaidi ya 100 zikimezwa, na diski ni ya sote. Tena maktaba mpya yaweza kuwa ya toleo jingine, na programu iliyotii Ijumaa igome Jumatatu, mradi wa KCSE ukingoja. Ila mazingira yaliyohamishwa folda mara nyingi huharibika, maana anwani ya zamani imeandikwa ndani yake. Hayo yaundwe upya, sibishani.

Naomba basi kila kikundi kibandike kando ya mashine yake karatasi yenye jina la kazi na folda ya mazingira yake. Gundi nitaleta mimi.