Baba na Binti Zake

Maduka mengi duniani hubeba jina la baba na wanawe wa kiume; ni nadra kuona la baba na binti zake. Joel Russ, Myahudi mhamiaji aliyeuza samaki wa chumvi kwa mkokoteni mjini New York, alifungua duka mwaka 1914. Binti zake watatu, Hattie, Ida na Anne, walilitumikia tangu ujana wao. Mwaka 1935 aliwafanya washirika, na duka likaitwa Russ & Daughters, yaani Russ na Binti Zake. Ukoo huo ulifungua na mkahawa mwaka 2014, chini ya kizazi cha nne.

Wapo watakaoiita hisani. Sisi twaiita haki, kwani mali hiyo waliichuma wenyewe. Jasho la binti lisiishie kwenye mizani. Liandikwe katika hati ya biashara.