Mpigapicha, usikimbie matanga

Vijana wengi wenye kamera, wawe Nairobi au kule Gesima, kaunti ya Nyamira, wanaota harusi za kifahari, mitindo, video za wasanii na simba wa Maasai Mara. Lakini waletee oda ya matanga uone. Ghafla betri imeharibika, lenzi ina shida, ama wikendi hiyo “niko bize”.

Tunaelewa. Nani anataka ukurasa wake wa Instagram ujae majeneza na mahema? Tena kumwelekezea kamera mama anayemlilia mwanawe si mchezo. Kuna pia ile aibu ya kupokea pesa kwenye msiba, eti watu watasema unakula machozi ya wenzako.

Hata hivyo, msimamo wetu ni kwamba anayekimbia matanga anakimbia kazi ambayo watu wake wanaihitaji sana, na ambayo ingemfunza mengi.

Fikiria mazishi ya kawaida pale Gesima. Watoto waliotawanyika Nairobi, Nakuru na Mombasa wamefika. Wajomba, mashemeji na wajukuu wamesimama bomani, migomba upande huu, majani chai upande ule. Harusi mtu anaweza kuikosa kwa sababu ya nauli au kazi. Mazishi ya mzazi, wengi hujikaza wafike. Kwa familia nyingi, hiyo ndiyo siku pekee ndugu wote watasimama mahali pamoja. Picha ya siku hiyo haina marudio.

Sasa geuza macho utazame jalada la kijitabu cha mazishi. Ni mara ngapi umeona uso wa nyanya uliokatwa kutoka kwenye kitambulisho, ukavutwa mpaka ukaingia ukungu? Ameishi miaka 80, ana wajukuu wawili wapigapicha, na hana hata picha moja nzuri ya kuwekwa juu ya jeneza. Hapo kosa si la nyanya.

Wengi wetu tunajifunza kazi hii mitandaoni, kwa kuangalia kinachopendwa na watu. Hakuna ubaya. Lakini ukiwachunguza wakubwa unaowavulia kofia, utakuta majina yao hayakujengwa kwa kuchagua kazi tamu tu. Mohamed “Mo” Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963. Kazi iliyolipeleka jina lake duniani kote ni picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, zilizopigwa Korem, watu wakifa mbele ya kamera. Ndizo zilizouamsha ulimwengu hadi tamasha la Live Aid likafanyika Julai 1985.

Malick Sidibé wa Mali alifungua studio yake Bamako. Wateja wake walikuwa watu wa kawaida, na usiku alizunguka kwenye dansi za vijana wa mtaa. Mwaka 2007 alitunukiwa Simba wa Dhahabu kule Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Hakuhitaji kwenda mbali kutafuta wa kupiga picha.

Na Boniface Mwangi alipiga picha za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ghasia zilizofika hadi mpaka wa Borabu na Sotik, si mbali na Gesima. Baadaye alizipeleka barabarani kupitia maonyesho ya Picha Mtaani ili Wakenya wajitazame. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi picha hizo zilivyomwachia jeraha la moyo. Kwa hivyo woga wako si wa kuchekwa. Ukirudi kutoka mazishini na usingizi ukakataa kuja, ongea na mtu. Na kama msiba ni wa mtu wako wa karibu, mwachie mwenzako kamera, nawe ulie kama wengine.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Jitambulishe kwa familia kabla ya kutoa kamera. Uliza ni wapi hutakiwi kusimama na kama jeneza likifunguliwa unaruhusiwa kupiga. Vaa nguo ya heshima. Tumia lenzi ya kuvuta kutoka mbali badala ya kusukumana kando ya kaburi, na hiyo droni isingurume juu ya mhubiri. Malipo yapatane mapema na mtu mmoja wa kamati, ili usije ukadai pesa kwa mjane.

Kuhusu kuposti, tulia kwanza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu ni data yake. Mwaka 2023, ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja nayo ilitozwa Sh4.55 milioni kwa picha za wanafunzi wadogo bila ruhusa ya wazazi. Kama mtu aliyekuwa akijivinjari klabuni analindwa hivyo, sembuse mtoto anayemlilia babake?

Na usingoje mtu afe ndipo ukumbuke kamera. Desemba inakuja, na wengi mtapanda matatu kurudi nyumbani kupitia Keroka. Beba kamera hiyo. Mkalishe omongina mlangoni asubuhi, jua likiwa bado pole, umwambie asimulie jambo la kumchekesha. Piga. Kisha nenda studio ukaichapishe karatasini, umpelekee aiweke ukutani, kwa sababu simu huibiwa na mafaili hupotea. Hiyo oda haina malipo, lakini siku moja nyumba nzima itakushukuru.