Kuhamia mji wa baridi bila gari: Anza na mtaa, si mji

KILA joto la Dar es Salaam linapopanda kati ya Desemba na Machi, familia nyingi hurudia mazungumzo yaleyale: tuhamie kwenye baridi, maisha nako ni nafuu. Iringa, Mbeya na Njombe ndiyo miji inayotajwa sana, na Arusha kwa wenye uwezo zaidi kidogo. Wengi wanaowaza hivyo hawana gari na hawatarajii kununua.

Inawezekana kuishi vizuri kwa namna hiyo. Ila kwa familia isiyo na gari, jina la mji lina uzito mdogo kuliko umbali wa kutoka mlangoni hadi zahanati, shule, soko na kituo cha daladala. Nyumba ya kodi ndogo pembezoni mwa mji huonekana nafuu mpaka usiku mtoto atakapopandisha homa.

Kipimo cha saa nane usiku

Kabla ya kumlipa dalali, simama mbele ya nyumba hiyo na uwaulize majirani maswali manne. Daladala ya mwisho hupita saa ngapi? Nani mwenye bajaji anayepokea simu usiku? Mvua ikinyesha, bajaji inapanda hapa? Kituo cha afya kinachofanya kazi saa 24 kiko wapi? Zahanati nyingi hufunga jioni, hivyo kuwa na moja jirani hakutoshi. Kwa mama mjamzito, uliza pia ni wapi panafanyika upasuaji wa uzazi.

Iringa ina faida hapa. Mji uko juu ya kilima, na soko kuu na hospitali ya rufaa ya mkoa viko katikati. Anayepanga karibu na katikati hufanya shughuli nyingi kwa miguu, mradi magoti yanavumilia miinuko. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani iko Igumbilo, nje ya katikati ya mji, kwa hiyo siku ya safari weka nauli ya ziada.

Mbeya imetandaa kando ya barabara kuu, kutoka Uyole kupitia Mwanjelwa hadi Mbalizi. Kwenye mstari huo daladala hazisumbui. Kadiri unavyopanda mbali na lami, kodi inashuka, lakini unaanza kutegemea bodaboda. Piga hesabu ya nauli za watu wote nyumbani kwa mwezi, kisha ujumlishe na kodi. Mara nyingi chumba cha bei ya juu karibu na barabara ndicho nafuu. Kumbuka pia kwamba huduma za uzazi za Hospitali ya Rufaa ya Kanda ziko Meta, si hospitali kuu, hivyo jua njia ya kufika huko mapema.

Njombe ni mji mdogo kuliko Mbeya na baridi yake ni kali zaidi. Uko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti mablanketi mepesi ya Dar es Salaam hayafui dafu.

Baridi haimfai kila mtoto

Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali anapopigwa na baridi, na maeneo ya juu sana yenye hewa nyepesi humwongezea hatari. Zungumza na daktari wa kliniki yake kabla ya uamuzi wowote. Mwenye pumu pia anaweza kubanwa zaidi na hewa ya baridi.

Hatari nyingine ni jiko la mkaa linaloingizwa ndani ili chumba kipate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa inaweza kuua familia nzima usingizini. Usilale na jiko ndani hata kama moto unaonekana kufifia. Weka fedha za masweta, soksi na mablanketi mazito kwenye bajeti ya kuhama.

Kwa Arusha, uliza kuhusu maji. Baadhi ya maeneo yanayozunguka Mlima Meru yana maji yenye madini mengi ya floraidi, ambayo huharibu rangi ya meno ya watoto yangali yanajengeka, na yakizidi sana huathiri mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi. Tafuta mtaa wenye maji yaliyopimwa.

Malaria ni kweli hupungua nyanda za juu, lakini haiishi. Kyela, iliyo mkoa huohuo wa Mbeya kando ya Ziwa Nyasa, ni ya joto na ina mbu. Mtoto akienda likizo huko au Dar es Salaam, alale ndani ya chandarua. Akipata homa baada ya kurudi, mwambie mhudumu alikuwa wapi.

Chakula ni nafuu, mlo je?

Viazi, mahindi, maharage na parachichi hupatikana kwa bei nzuri. Lakini Iringa na Njombe, pamoja na kulisha wengine, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa udumavu wa watoto. Unafuu wa gunia la viazi utumike kununulia mayai, maziwa, dagaa na mboga.

Kabla ya kufunga mizigo

Atangulie mzazi mmoja, na aende mara mbili: Julai kwenye baridi kali na tena msimu wa mvua. Asizunguke kwa gari la ndugu. Apande daladala na kutembea kama mtakavyoishi. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka, hivyo jaribu kuomba miezi mitatu ya kwanza ili mkikosea mtaa msifungwe.

Beba kadi za kliniki za watoto. Anayetumia dawa za kila siku za kifua kikuu au za kufubaza virusi vya Ukimwi aombe barua ya uhamisho na dawa za kutosha safarini. Mwenye bima aulize hospitali ipi ya karibu inaipokea.

Mkishapata mtaa ambao mtoto anafika hospitali usiku, anakwenda shule kwa miguu na anakunywa maji salama, hamieni. Hata mwenye gari angeutamani.