Mhadhiri na Mtaalamu wa Kompyuta Wakae Meza Moja

Kijiji cha Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, hakina chuo kikuu. Kina ghuba iliyotulia, kina mikoko, na kina akina mama ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba, maji yanapokupwa. Hata hivyo, ni vigumu kupata kijiji cha pwani kinachohitaji vyuo kuliko hiki. Jirani yake ni Mbegani, ambako kiko chuo cha uvuvi, siku hizi kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Ng'ambo ya maji, Unguja, iko Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978. Mama wa Mlingotini na mwenzake wa Paje au Jambiani wanauliza swali lile lile: kwa nini ule mwani wa bei nzuri, uitwao cottonii, unaoza na kufa maji yanapopata joto, na ni miezi ipi ya kuupanda bila hasara?

Jibu la swali hilo halitoki katika kichwa cha mtu mmoja. Linatoka katika vipimo vya joto la maji na chumvi, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Watafiti walikwisha kuonyesha kwamba mwani huo hustahimili zaidi ukiwekwa katika kina kirefu, kwa kamba zinazoelea juu ya maboya, na jambo hilo lilijaribiwa hapa hapa Bagamoyo. Lakini vipimo vina faida pale tu vinapotunzwa mahali pamoja, kwa mpangilio mmoja, ili atakayekuja baada ya miaka ishirini aweze kuvisoma. Hapo ndipo inapoanza habari tunayotaka kuizungumza leo, yaani uhusiano uliopo katika vyuo vyetu baina ya idara za masomo na vitengo vya kompyuta, ambavyo siku hizi huitwa vya TEHAMA.

Uhusiano huo, tuseme bila kuficha, mara nyingi si mzuri. Mhadhiri humwona mtaalamu wa kompyuta kuwa ni fundi wa kuitwa mashine inapozimika, mtu wa kuja na bisibisi na kuondoka. Mtaalamu naye humwona mhadhiri kuwa ni mteja msumbufu asiyesoma maagizo, anayesahau neno la siri kila Jumatatu na anayetaka kila jambo lifanyike jana. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Wanaoumia ni watu wa tatu, ambao hawakuhusika na ugomvi huo.

Tuliwahi kushuhudia katika chuo kimoja, ambacho hatutakitaja, idara ikipokea mashine ya kuhifadhia kumbukumbu kutoka kwa wafadhili wa mradi. Kitengo cha kompyuta hakikuulizwa kabla ya kununuliwa. Mashine ilipofika, chumba hakikuwa na kiyoyozi, umeme ulikuwa ukipanda na kushuka, na hakuna aliyejua ni nani wa kulipia leseni ya programu muda wake utakapokwisha. Mkuu wa kitengo alisema mashine si yake. Mkuu wa idara akasema yeye ni mwanabiolojia, si mtu wa nyaya. Mradi ulipomalizika mashine ilifunikwa kitambaa, na sidhani kama imefunuliwa hadi leo. Kumbukumbu za utafiti zikarudi zilikokuwa, katika kompyuta ya mkononi ya mhadhiri mmoja aliyekaribia kustaafu.

Lawama haziko upande mmoja tu. Kuna vyuo ambavyo vitengo vya kompyuta vimeleta mtambo wa kuingiza matokeo ya mitihani bila kuketi hata siku moja na walimu wanaosahihisha. Mtambo ukataka alama ziingizwe kwa namna ambayo idara haijapata kuitumia. Walimu wakaendelea na makaratasi yao, kisha siku za mwisho wakakesha kunakili. Matokeo yakachelewa. Nao wanafunzi wanaosoma kwa mkopo wa serikali wanajua maana ya matokeo kuchelewa, kwa sababu Bodi ya Mikopo haiwezi kuendelea kumlipa mwanafunzi ambaye chuo chake hakijathibitisha kuwa amefaulu na anaendelea na masomo. Kijana aliyetoka Mafia au Pemba, asiye na shangazi mjini wa kumkopesha chakula, ndiye anayelala na njaa kwa sababu watu wawili wenye mishahara hawakukutana.

Nchi hii ina historia katika jambo hili, na tungependa maofisa wetu waikumbuke. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi za hesabu za serikali zilipohamishiwa katika mashine, mambo yakaenda kombo. Mitambo ilikuwa ya kigeni, wataalamu walikuwa wa kigeni, na wahasibu waliokuwa wakiijua kazi hawakuwa wakiijua mashine. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingizwa kwa kompyuta nchini, na zuio hilo lilituchelewesha kwa miaka mingi. Wako wanaosimulia kisa hiki kama kichekesho cha viongozi walioogopa mashine. Sisi hatukioni hivyo. Waliona, kwa gharama kubwa, kwamba mashine isiyoeleweka na mwenye kazi huharibu kazi. Kosa lilikuwa katika dawa waliyoichagua, maana ugonjwa wenyewe waliutambua vyema, na ugonjwa huo haujatutoka.

Yupo atakayesema kwamba mambo haya hayawezekani katika nchi yenye fedha chache na umeme wa kubahatisha. Mtu huyo hana haja ya kwenda Ulaya kutafuta jibu. Aende Bagamoyo mjini. Hapo Taasisi ya Afya ya Ifakara ina kituo cha utafiti, na kituo hicho kilikuwa kimojawapo cha vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Watoto 15,459 waliandikishwa katika vituo vyote. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, lilitegemea kumbukumbu zilizokusanywa, miongoni mwa mahali pengine, katika zahanati na hospitali za wilaya hii na za Korogwe.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kuanza kwanza, halafu mtaalamu wa kompyuta akaitwa baadaye. Kanuni za majaribio ya dawa zinataka fomu iandaliwe na daktari pamoja na msimamizi wa takwimu kabla ya mtoto wa kwanza kudungwa sindano. Daktari anasema anataka kujua nini, mwenzake anamwambia swali hilo likiandikwa hivyo litajibiwa kwa namna tatu tofauti, wanalisahihisha. Kila badiliko katika kumbukumbu huacha alama ya aliyelifanya na tarehe yake. Hakuna anayemwita mwenzake fundi. Wanafanya hivyo si kwa sababu wana mapenzi makubwa kuliko watu wa vyuo vingine, bali kwa sababu bila hivyo matokeo yao yangekataliwa. Inatupasa kujiuliza kwa nini utafiti wa mwani, wa samaki, wa udongo au wa Kiswahili chenyewe usiwekewe sharti kama hilo.

Upande wa sheria, visingizio vimepungua. Sheria ya Serikali Mtandao ilipitishwa mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inamwajibisha anayekusanya taarifa za watu na anayezichakata. Katika chuo, mkusanyaji ni idara na mchakataji mara nyingi ni kitengo cha kompyuta. Taarifa za wanafunzi zikivuja, hawataweza kutupiana mpira mbele ya Tume.

Tunapendekeza nini? Kwanza kabisa, kila kitivo kiwe na mtaalamu wake wa kompyuta anayekaa humo humo, anayehudhuria vikao vya idara na kunywa nao chai, huku akiwajibika pia kwa mkuu wake wa kitengo. Mtu aliyeketi katika mkutano wa wanabiolojia mwaka mzima atajua kwa nini kipimo cha chumvi kinachokosekana mwezi Februari si jambo dogo. Pili, andiko lolote la mradi lisipelekwe kwa wafadhili bila sahihi ya pande zote mbili, na humo iandikwe nani atalipia matengenezo baada ya mradi. Muundo wa utumishi nao utazamwe upya. Tusitarajie kijana mwenye ujuzi kubaki chuoni ikiwa hana ngazi ya kupanda. Wahadhiri, kwa upande wao, wakubali kufundishwa. Uprofesa haumzuii mtu kujifunza namna ya kutunza nakala ya pili ya kazi yake.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika, na intaneti ikazorota nchini kote, bara na visiwani. Siku hizo vyuo vilivyokuwa vimepanga pamoja masomo na kumbukumbu zipi ziwekwe katika mitambo ya ndani viliweza kufanya kazi. Vilivyokuwa havijapanga vilisubiri.

Jambo hili halina muda wa kungoja, kwa kuwa mradi wa HEET, uliopitishwa mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, umeleta majengo na vifaa vingi katika vyuo vya umma. Ofisa anayeletewa hati ya malipo ya mitambo hiyo, kabla ya kutia sahihi, aulize ni idara gani iliyoiomba, na ni mtaalamu gani aliyeketi nayo siku ilipoombwa. Asipopewa majina mawili, airudishe hati hiyo ilikotoka.