Nyakato: Umbali wa Dar ndiyo ngao ya viwanda vya kemikali, lakini hadi lini?

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

UKISIMAMA asubuhi kando ya barabara ya Musoma, eneo la Nyakato, huhitaji takwimu ili uelewe tatizo la viwanda vya Kanda ya Ziwa. Malori yaliyotoka Dar es Salaam hupita hapo yakiwa na makatoni ya sabuni, ndoo za rangi, madumu ya dawa za usafi na magodoro yaliyofungwa kwa kamba. Yametembea zaidi ya kilomita 1,100. Na sehemu kubwa ya kilichobebwa katika baadhi ya malori hayo ni maji na hewa.

Hilo si neno la mzaha. Sabuni ya maji, ukiondoa kemikali chache zinazoipa nguvu na povu, ni maji. Dawa ya kung'arisha nguo nayo ni vivyo hivyo. Rangi ya ukutani ni maji yaliyochanganywa na unga wa mawe, gundi na rangi yenyewe. Godoro la sponji ni hewa iliyonaswa ndani ya kemikali zilizoumuka, na ingawa siku hizi yapo yanayobanwa na kukunjwa ili yasichukue nafasi, mapipa machache ya kemikali bado hutoa shehena ya magodoro isiyolingana kabisa na mapipa hayo kwa ukubwa. Mfanyabiashara anayeleta bidhaa hizo kutoka Pwani analipia dizeli ili kupeleka maji katika mji uliojengwa ufukweni mwa ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika.

Hapo ndipo ilipo faida ya kwanza ya Nyakato, na pengine iliyo kubwa kuliko zote. Kiwanda kinachoagiza kemikali zikiwa katika hali ya uzito halisi, kisha kikaongeza maji au hewa hapa hapa, kinaokoa nauli ambayo mshindani wake wa Dar es Salaam hawezi kuikwepa. Soko nalo si dogo. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Mwanza peke yake ulikuwa na watu takriban milioni 3.7. Ukijumlisha na Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga, idadi inavuka milioni 16. Wote hao wanafua, wanapaka rangi nyumba na wanalala.

Nyakato, ambayo ipo katika Manispaa ya Ilemela, ina mambo mengine yanayohitajika. SIDO na VETA zipo hapo hapo, na vijana wanaojifunza kutengeneza sabuni hawakosekani. Umeme ulikuwa kilio cha miaka mingi, kwa kuwa Mwanza ilikuwa mwisho wa njia ya umeme inayotoka mbali. Ndiyo sababu Tanesco ilijenga Nyakato kituo cha mafuta mazito cha takriban megawati 60, kilichoanza kazi mwaka 2013. Maji ya bomba yanatoka ziwani, Capripoint na sasa Butimba.

Kuna pia pamba. Mbegu ikikamuliwa hutoa mafuta na mashudu, na mafuta hayo yanaposafishwa hubaki masalia yanayofaa kwa sabuni. Hata hivyo, mavuno ya pamba hupanda na kushuka kiasi kwamba hakuna mwenye kiwanda anayeweza kuyategemea peke yake, na sabuni nyingi za miche nchini hutengenezwa kwa mawese ambayo kwa kiasi kikubwa huagizwa kutoka Asia. Faida ya pamba ipo, lakini isitiwe chumvi.

Mteja mwingine ni dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na North Mara mwaka 2002. Migodi ya aina hiyo hutumia sayanaidi kuyeyusha dhahabu kutoka katika mawe yaliyosagwa, na ili sayanaidi isigeuke kuwa gesi ya sumu, mchanganyiko huo hutiwa chokaa nyingi. Chokaa ni nzito na bei yake ni ndogo, hivyo kila kilomita inaonekana kwenye ankara. Aidha, tangu Juni 2021 Mwanza ina kiwanda cha kusafisha dhahabu, Mwanza Precious Metals Refinery, na usafishaji wa dhahabu kwa kawaida hauendi bila tindikali kali. Mwekezaji anayetafuta mnunuzi wa uhakika wa kemikali hana haja ya kwenda mbali.

Lakini kuwa karibu na mnunuzi hakutoshi, na historia ya nchi yetu inatufundisha hivyo. Kiwanda cha Mbolea cha Tanga kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilijengwa kando ya bandari na kutegemea malighafi zinazoingia kwa meli. Fedha za kigeni zilipoadimika, kikayumba. Fosfeti ya Minjingu ilipoanza kuchimbwa mwaka 1983, ilisafirishwa hadi Tanga ili igeuzwe mbolea. Kiwanda kilifungwa mwaka 1991. Leo mbolea hutengenezwa Minjingu kwenyewe, pembeni ya jiwe. Kampuni ya TOL nayo iliifuata hewa ya ukaa Kyejo, wilayani Rungwe, kwa sababu inatoka ardhini huko. Malighafi inayopungua uzito inapotengenezwa huvuta kiwanda kwake. Bidhaa inayoongezeka uzito au ukubwa hukivuta kwa mlaji. Nyakato ni mahali pa aina hii ya pili. Anayekuja na mpango wa kutengeneza hapa kostiki soda au sayanaidi kuanzia mwanzo aulizwe maswali mengi kabla ya kupewa kiwanja.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halizungumzwi sana katika makongamano ya uwekezaji. Faida kubwa ya Nyakato inatokana na ubovu wa usafiri. Umbali wa Dar es Salaam ni ngao: unalinda sabuni ya Mwanza dhidi ya sabuni ya Pwani kama ushuru wa forodha unavyofanya mpakani. Na ngao hiyo inaelekea kupungua. Juni 2021 liliwekwa jiwe la msingi la kipande cha reli ya kisasa cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilomita 341. Upande wa Dar es Salaam hadi Dodoma treni za abiria zilianza mwaka 2024. Treni za mizigo zitakapofika ziwani, pipa la kemikali litashuka bei, lakini na katoni ya sabuni iliyokwisha kutengenezwa nayo itashuka. Ni treni ile ile.

Atakayenufaika ni yule ambaye tayari ana mitambo, wateja na jina siku reli itakapofunguliwa. Atakayesubiri reli ndipo aanze kujenga atakuta maduka ya Buzuruga na Igoma yamejaa bidhaa za Pwani zenye nauli nafuu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, miaka hii iliyobaki ndiyo yenye thamani, si ile itakayofuata.

Njia nyingine zinafunguka kwa namna iliyo rafiki zaidi. Daraja la Kigongo hadi Busisi lililozinduliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko kwa anayekwenda Sengerema na Geita. Meli ya mabehewa ya MV Umoja ilirejea katika safari za Port Bell mwaka 2018. Njia hizo zinaikuza Mwanza kama kituo cha kusambazia, ingawa Kampala nayo ina viwanda vikubwa vya sabuni, na meli hubeba mizigo kwenda na kurudi.

Linabaki ziwa lenyewe. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za uvuvi wa kutumia sumu, na viwanda vya minofu vilivyokuwa tegemeo la ajira Mwanza vikaonja hasara. Chanzo chake hakikuwa kiwanda chochote cha kemikali. Ni viuatilifu vilivyomwagwa majini na watu wachache. Machi 2022 samaki walipokufa katika Mto Mara, kamati ya Serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea, na wananchi wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Ukishaondoka uaminifu, hata maelezo ya kweli hayanunuliki.

Mwanza hunywa maji ya ziwa lile lile linalopokea maji yanayotiririka kutoka mjini. Mabwawa ya majitaka ya Butuja, Ilemela, hufanya kazi kwa msaada wa bakteria na mwani. Tindikali au dawa ya kuua vijidudu ikiingia kwa wingi inaua kwanza hao wanaosafisha. Sheria zipo: ile ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 inamtaka anayeshughulika na kemikali asajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na ile ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mkemia Mkuu na NEMC wana ofisi za kanda Mwanza.

Kinachopungua ni mtambo wa pamoja wa kusafisha maji machafu ya viwanda. Mtengeneza rangi mdogo hawezi kujenga wake. Gharama ingemmaliza kabla hajauza ndoo ya kwanza. Nyumba za watu zimekwisha kuzunguka eneo la viwanda, na kila mwaka nafasi ya kupitisha mabomba na kuchimba mabwawa inakuwa finyu zaidi. Manispaa ya Ilemela ikigawa viwanja kwanza na kutafuta pa kujenga mtambo huo baadaye, huenda ikapakosa.